Dawa ya Kusahau Isiyokumbukika Jina

"Fundi, mkeo siku hizi ananiita mama. Nimwitikie?"

Swali hilo Mama Kahawa alimuuliza Fundi Saa siku moja, kwa sauti ya chini, akimmiminia kikombe. Walikuwa majirani wa ukuta mmoja, na Mama Kahawa ni mdogo kwa huyo mke wa Fundi kwa miaka mingi. Fundi akamwambia asiitike, maana kumwitikia aliyepotea ni kumpoteza zaidi. Tangu hapo kahawa haikumshuka vizuri.

Ndiyo maana asubuhi moja Kinyozi alipokuja na habari ya redioni, Fundi aliweka kikombe chini. Kijiwe chenyewe ni benchi moja mbele ya jiko la Mama Kahawa, duka la Fundi likiwa ng'ambo ya barabara. Wataalamu, alisema Kinyozi, wameona kwamba kwenye maganda ya vitunguu na machungwa, na kwenye majani ya chai, mna kitu kinachotibu kusahau na kufukuza huzuni.

"Kinaitwaje?" akauliza Fundi.

"Kinaitwa filavu... fulani... Fulaninodi."

Gia Tano, dereva mstaafu ambaye mdomo wake hauna breki, akacheka mpaka benchi likalia. "Dawa ya kusahau, na jina lake halikumbukiki. Basi ndicho kipimo chenyewe. Ukiweza kulitaja umeshapona, rudi kwako."

Fundi hakucheka. Aliuliza waliopona ni kina nani. Kinyozi akajikuna kisogo, akakiri kuwa redio ilisema uchunguzi unaendelea, na waliopona hadi wakakumbuka njia walikuwa panya.

"Panya wangu mimi," akasema Gia Tano, "hawajasahau gunia la unga hata siku moja. Wanatibiwa nini?"

Kinyozi si mtu wa kushindwa mbele za watu. Akaokota ganda la kitunguu kwenye kapu la Mama Kahawa, akalitafuna macho kayafumba, wenzake wakimsubiri kama matokeo ya mtihani. Kisha akatema. Alisema ameanza kukumbuka aliyoambiwa na mama mkwe siku ya posa, na kwamba kusahau nako ni rehema ya Mungu, tusiichezee.

Hata hivyo Fundi alikuwa ameshajaza maganda mfuko mzima wa koti. Gia Tano alitaka kumtania, Mama Kahawa akamkata jicho.

Hapo mke wa Fundi akatokea, kiatu kimoja chake, kingine cha mumewe.

"Shikamoo, mama."

Mama Kahawa akamtazama Fundi. Fundi akamkubalia kwa kichwa, polepole.

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Akaketi, akamsikiliza Kinyozi akihangaika na Fulaninodi yake.

"Flavonoidi," akamsahihisha, silabi kwa silabi. "Redio imelitaja wee, hamna masikio?"

Benchi zima likageuka. Fundi akamwinamia, akamuuliza kama na yeye, mumewe, anamkumbuka.

Mkewe akamkagua, akayaona maganda yakichungulia mfukoni. "Sikujui, baba, ila naona una huzuni. Yatafune hayo, yatakufaa."

"Inuka basi nikupeleke nyumbani," akasema Fundi.

"Siandamani na mtu nisiyemjua. Mume wangu ana duka lile pale. Akishafunga, hunipitia."

Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Fundi akainuka, akavuka barabara, akaanza kufunga duka.