Mkanda wa Tangi na Desimali Nane

Jumanne, 11 Machi

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba pai ni ishirini na mbili gawanya kwa saba, basi. Hapana! Hiyo ni jamaa yake wa karibu tu. Chukua mzingo wa duara, yaani safari ya kulizunguka. Ugawanye kwa kipenyo, yaani safari ya kulikata katikati. Jibu ndilo pai. Liwe duara la kikombe au la uwanja, jibu ni lile lile: tatu, na desimali zisizokoma. Nimemweleza mke wangu haya mezani. Amesema chai inapoa.

Habari kubwa: tangi la saruji la shuleni limepata ufa. Maji yote yamekwenda. Linahitaji mkanda wa chuma wa kulibana. Mwalimu mkuu, ambaye hesabu nilimfundisha mimi, ameniahidi: nikitoa kipimo sahihi cha mkanda, darasa la jioni la mafundi ni langu. Miaka sita ya kustaafu bila kushika hata kipande cha chaki! Darasa hilo nitalipata.

Jumatano, 12 Machi

Kikwazo: fundi wa kuchomelea. Tunamwita Kamba, maana hupima kila kitu kwa kamba. Alikuja nayo shingoni, akasema eti mzee wangu, wewe kaa kivulini, mimi nalizungusha hili mara moja tumemaliza. Nikamfafanulia pai kwa upole, dakika arobaini. Nikamchorea na alama yake, π, herufi ya Kigiriki inayoanza neno lao la mzingo. Akauliza hicho ni kigoda au goli la mpira.

Alipokwenda kunywa maji, kamba yake ikaingia mfukoni mwa koti langu. Si wizi. Ni kuilinda elimu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeshuka ndani ya tangi kwa ngazi. Kipenyo: mita tatu kamili! Nikazidisha kwa pai yenye desimali nane. Wale wa ishirini na mbili gawanya kwa saba wangekosea karibu milimita nne. Milimita nne! Watu hawana haya. Jibu langu: mita tisa, sentimita arobaini na mbili na nusu.

Nilipotaka kutoka, ngazi haipo. Kamba ameichukua akatafute kamba yake juu ya paa. Nimekaa tangini saa nzima. Aliporudi akaniuliza kama nimeiona. Nikamuuliza kama ana hakika alikuja nayo.

Chuma kimekatwa kwa hesabu yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Mkanda hautoshi! Tumevuta, tumesukuma, mpishi wa shule amening'inia mwisho mmoja. Wapi! Pengo la sentimita sitini na tatu. Jasho likanitiririka, nikachomoa leso. Ikatoka na kamba.

Kamba aliitazama. Kisha akasema, taratibu kabisa, mzee wangu, ukuta huu una unene wa sentimita kumi. Wewe umepima tumboni, na mkanda unavaliwa nje. Mpishi akacheka mpaka akakaa chini. Kamba akazungusha kamba yake, akaunga kipande, akachomelea. Kabla ya saa sita tangi limebanwa barabara.

Darasa la jioni amepewa yeye.

Jumamosi, 15 Machi

Nimetafakari. Sentimita kumi upande huu, kumi upande ule: ishirini. Zidisha kwa pai: sitini na mbili nukta nane. Pengo lenyewe! Kwa hiyo pai haikukosea hata kidogo. Aliyekosea ni ukuta, kunenepa bila kunitaarifu. Nimempelekea mwalimu mkuu barua ya kurasa tatu. Amejibu kwa mstari mmoja: Kamba amekubali nihudhurie kama mwanafunzi, mradi mifuko yangu ikaguliwe mlangoni.

Nitahudhuria. Nitakaa mbele. Kabla ya mwezi kwisha, chaki itakuwa mkononi mwangu.

Lakini nisiende mikono mitupu, nionyeshe kazi. Mke wangu analalamika kwamba sufuria kubwa haina mfuniko. Bati lipo, mkasi upo, desimali ninazo zote nane.

La kufanya leo: pima upana wa sufuria, kwa ndani, ukate bati.