Mtaalamu T. Feza na Mtihani Wangu wa Uchumi

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibika kwa Kifaransa, mbele ya profesa, msaidizi wake na rafiki yangu. Nawaandikia kutoka chumba cha kompyuta hapa chuoni, masikio bado ya moto, na nyuma yangu kuna Mbelgiji anayesubiri kompyuta hii huku akiguna. Aendelee kuguna. Lazima niliseme mwenyewe kabla Mado hajalisambaza Brussels nzima.

Mnajua nasoma siasa na uchumi kwa pamoja. (Watu wa siasa wanatuona wahasibu. Watu wa uchumi wanatuona wapiga domo. Hatuna kwetu.) Ratiba nayo haitutambui. Uchumi ni Jumanne saa nne asubuhi. Vyama vya siasa ni Jumanne hiyohiyo, saa hiyohiyo! Mwaka mzima nimekwenda kwenye vyama. Huko kwenye uchumi niliokolewa na Mado, Mkongo wa Bukavu anayekaa mtaa wa Anderlecht, ambaye huandika kila kitu asemacho profesa, hadi anapopiga chafya.

Wiki mbili zilizopita akanipa madaftari yake.

"Bon, soma yote," akaniambia. "Ule muntu anapenda sana majina. Ukitaja mutaalamu moja mukubwa, anafurahi."

Nikasoma. Nikakariri. Na pembeni mwa ukurasa mmoja nikakuta dhahabu, kwa wino mwekundu, imepigiwa mistari miwili: "Kwa mujibu wa T. Feza, serikali ikitikisika, bei haingoji ghala liishe. Inapanda siku ya uvumi." Nikasema, huyu ndiye wa kunipasisha. (Jina nililiona la Kitaliano. Msiniulize kwa nini.)

Sasa, mtihani wenyewe ni wa kuzungumza. Unaingia, unaokota karatasi yenye swali, unakaa dawati la nyuma dakika ishirini kujiandaa wakati aliyekutangulia anahojiwa. Kisha unasogea mbele, na anayekufuata anaingia kukalia dawati lako. Aliyenifuata leo ni Mado. Nikafurahi kuwa na mtu wangu chumbani. Mjinga mimi!

Swali langu: kwa nini bei hupanda? Moyoni nikaimba.

Nilianza vizuri. Mahitaji, ugavi, benki kuu, vyote nilivipanga. Profesa, mzee mwembamba asiyejua kutabasamu, alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nikaona nimalize kwa kishindo.

"Lakini, Monsieur, maelezo hayo yamepingwa vikali na T. Feza."

Kalamu yake ikasimama. "Na nani?"

"T. Feza, Monsieur."

Akamgeukia msaidizi wake. Msaidizi akapandisha mabega.

"Simfahamu. Alifundisha wapi?"

Hapa, ndugu zangu, mtu mwenye akili angesema hajui. Mimi nikasema, "Italia."

"Italia sehemu gani?"

"Kaskazini."

Nikasikia kikohozi nyuma yangu. Nikadhani Mado ana mafua.

"Na hiyo T. ni kifupi cha nini?"

"Tommaso," nikasema. (Tommaso! Huu ulimi utanizika.)

Nyuma, kiti kikaanguka. Nikageuka. Mado alikuwa amejifunika uso kwa karatasi ya swali, mabega yanatetemeka, machozi yanachuruzika hadi kidevuni.

"Mademoiselle," profesa akamwambia, "na wewe unamfahamu huyu Tommaso Feza?"

Mado ni mwimba kwaya, hajui kudanganya. Akasimama wima.

"Ndiyo, Monsieur. Ila T. ni Tantine. Ni Tantine Feza, mdogo wa mama yangu. Anauza unga wa muhogo."

Msaidizi akainama chini ya meza kuokota kitu ambacho hakikuwa kimeanguka. Alikaa huko muda mrefu. Meza ilikuwa inacheka.

Profesa akavua miwani. "Kwa hiyo umeniletea muuza unga."

Sijui mwenzenu nilipatwa na nini. Aibu ilinijaa hadi ikafurika, na kilichobaki chini yake kilikuwa hasira. Uitaliano nilimpa mimi, nakiri. Lakini kuuza unga ni kosa gani?

"Jina nimekosea, Monsieur," nikasema. "Hoja sijakosea. Muulize Mado."

Mado, bado anafuta machozi, akaeleza. Tantine ana meza sokoni Bukavu. Siku redio ikisema waziri fulani amefukuzwa, hupandisha bei asubuhi ileile, na magunia yake yamefika darini. Wenzake waliongoja unga upungue ndipo wapandishe walishindwa kununua mzigo mpya, na wengi wao wakafunga meza.

"Ghala limejaa, Monsieur, na bei imepanda," nikadakia. "Kitabu chako kinasemaje hapo? Huyo mama alihesabu magunia na akasikiliza redio, vyote kabla ya chai. Ndiyo maana nami nasoma vyote viwili!"

Sarufi ya Kifaransa ilikuwa imeshanikimbia. Lakini macho sikuyashusha.

Akanitazama. "Na mbona sijawahi kukuona darasani kwangu?"

"Kwa sababu Jumanne saa nne mnatuita vyumba viwili, Monsieur, na mimi niko mmoja."

Msaidizi akatokeza kutoka chini ya meza. Profesa akaandika, akakata, akaandika tena.

"Kumi na mbili kati ya ishirini," akasema. "Tommaso amekugharimu mbili."

Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi kumsubiri Mado. Alipotokea, hakuwa anacheka tena.

"Onze!" akapiga kelele. "Kumi na moja! Miye nimepata onze! Na ile ni tantine yangu miye!"

Tukaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha simu. Mado akampigia Tantine mwenyewe, akamweleza yote, akanipa simu nimwombe radhi. Tantine Feza alicheka hadi nikaliweka sikio mbali.

"Mutoto wangu," akasema, "Italia? Ni nani alinipatia visa?"

Basi ndiyo hivyo. Kucheka ruksa, sijakataza mtu. Ila kila atakayecheka aniandikie kwanza yeye uchumi alipata ngapi.