Kilo Arobaini na Sita za Bi Sihaba

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumapili ya pili ya mwezi wa Juni, mwanamke mmoja wa Kitanzania alitoka kwenye mlango wa abiria wa kimataifa katika uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou. Alikuwa na begi moja dogo mgongoni. Alisimama katikati ya njia akapiga picha dari. Abiria waliokuwa nyuma yake wakamkwepa na matoroli yao, mmoja akaguna. Yeye akapiga picha ya pili, ya sakafu.

Gharib, mzaliwa wa Mbagala na mkazi wa Guangzhou kwa mwaka wa nne, alimwona akiwa nyuma ya kizuizi cha wapokeaji wageni. Hakuwa akimsubiri mtu. Alikuwa akisubiri yeyote.

Mtanzania anayekuja Guangzhou huja mtupu akarudi amejaa, lakini hata utupu huo una utaratibu wake: huja na begi kubwa ambalo ndani yake mna begi jingine kubwa. Huyu hakuwa na hata moja. Maana yake hakuja kununua. Na tiketi za safari kama hizo humruhusu msafiri mabegi mawili ya kilo ishirini na tatu. Gharib alijumlisha. Kilo arobaini na sita zingeondoka mjini zikiwa hewa tupu.

Kwa wafanyabiashara wa Kiswahili walioko Guangzhou, kilo ni bidhaa. Anayerudi nyumbani na nafasi kwenye tiketi huiuza kwa mwenye mzigo wa haraka. Gharib aliishi kwa kuuza kilo za watu wengine, mara nyingi bila wenyewe kujua kwamba wana kitu cha kuuza.

Siku hiyo alikuwa na sababu kubwa kuliko riziki ya kawaida. Viza yake ilibakiwa na siku kumi na tatu. Bwana Abdulwakil, Mzanzibari mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo mtaa wa Xiaobei, alikuwa na mikoba sitini kutoka viwanda vya Shiling ambayo ilitakiwa kuwa Kariakoo kabla ya Jumamosi, siku ambayo mteja wake angefungua duka. Kontena la bandari ya Nansha lingechukua wiki tano. Ndege ya mizigo ilikuwa imejaa. Kampuni ya Abdulwakil, kwa mwaka huo, ilikuwa imebakiwa na barua moja tu ya kumwombea mgeni kibali cha kuingia au kukaa.

"Mikoba ifike, barua yako," alikuwa amemwambia Gharib. "Isipofika, funga virago mapema, bei za tiketi zinapanda."

Kwa hiyo Gharib aliruka kizuizi.

"Assalaam alaykum, mama. Karibu Guangzhou."

"Waalaykum salaam. Hebu nieleze, mwanangu, dari hii ni bati au kitambaa?"

"Kitambaa, mama," alisema Gharib, ambaye kwa miaka minne hakuwahi kuinua macho kuitazama. "Umekuja kuchukua nini? Viatu? Soko la Zhanxi nina laoban wangu, bosi mwenye duka, ukitaja jina langu tu bei inashuka yenyewe."

"Sichukui kitu. Nimekuja kupanda mabembea."

"Mabembea?"

"Yale makubwa, yanayokugeuza kichwa chini. Na kutazama viwanja vya ndege. Nimestaafu. Wenzangu wamejenga fremu za maduka, mimi natembea."

Gharib alikuwa amekwisha kuwapokea watu waliofuata vigae, jenereta, nywele na, mara moja, mchumba. Wa mabembea alikuwa wa kwanza. Alitoa mfukoni kitambulisho chenye picha yake, alichotengenezewa kwenye duka la kutoa nakala, akakivaa shingoni.

"Basi Mungu amekuleta penyewe. Mimi ni afisa wa Jumuiya ya Mapokezi ya Watalii wa Afrika Mashariki, tawi la Guangzhou."

Jumuiya hiyo ilikuwa na mwanachama mmoja na umri wa dakika tatu.

"Tatizo moja tu, mama," aliendelea, akishusha sauti. "Siku ya kuondoka, mtalii asiye na mzigo wanamweka pembeni. Wanamuuliza, siku zote hizi hujanunua hata soksi, ulikuwa unafanya nini?"

"Ala! Wanamweka pembeni wapi?"

"Kuna chumba."

"Kikubwa?"

"Kidogo sana, mama."

"Sasa nifanye nini?"

"Ndiyo kazi ya jumuiya. Tunakuwekea mzigo. Mikoba tu, mitupu. Ukifika kuna kijana atakuja kuipokea. Wewe hutoi hata shilingi."

"Na mabembea?"

"Jumuiya inalipa."

"Na gari? Na chakula cha halali?"

"Jumuiya, mama."

"Jumuiya nzuri sana hii," alisema mwanamke huyo, akampa begi lake abebe.

Njiani Gharib alimuuliza maswali manne. Jina: Sihaba. Hoteli: ya Xiaobei, karibu na daraja la waenda kwa miguu. Siku ya kuondoka: Jumatano, saa tisa alasiri. Kilo kwenye tiketi: arobaini na sita. Hakuona haja ya swali la tano.

Saa nne asubuhi alikuwa mbele ya meza ya Abdulwakil.

"Laoban, kilo nimepata. Tena si kilo za hivi hivi. Ni mjumbe wa wizara."

"Wizara gani?"

"Hawasemi."

Abdulwakil alikuwa mtu wa kuhoji bei ya kikombe cha chai. Wizara hakuihoji zaidi, kwa sababu tayari alikuwa akifikiria ushuru.

"Begi lake linafunguliwa?"

"La mjumbe? Wanaona haya hata kuligusa."

"Subhanallah," alisema Abdulwakil kwa unyenyekevu, akalipa kilo zote kwa bei maradufu.

Jumatatu Gharib alimpeleka Bi Sihaba kwenye bustani kubwa ya michezo iliyoko Panyu. Alinuia kukaa kivulini na kumsubiri. Bi Sihaba alisimama mbele ya mtambo mrefu kuliko yote, akasoma ubao wa maelezo, akamgeukia.

"Afisa, sisi wawili tunakaa mbele."

"Mimi nimeshapanda sana huu, mama. Nenda tu."

"Jumuiya inaniacha peke yangu?"

Mtambo huo hupandisha abiria hadi kileleni, huwasimamisha nyuso zikitazama ardhi, kisha huwaachia. Huko juu Gharib aliwataja ndugu zake wa upande wa mama, wote, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Aliposhuka, mkanda wa kitambulisho ulikuwa umehamia sikioni.

"Tumening'inia sekunde mbili na nusu," alisema Bi Sihaba, akitazama saa yake ya mkononi. "Wameandika tatu."

"Wamekosea, mama. Twende tukale."

"Au mimi nimekosea. Turudi tuhakikishe."

Walihakikisha mara tatu. Zilikuwa mbili na nusu. Kufikia saa tisa Gharib alikuwa amelala kwenye benchi na chupa ya maji kifuani, na Bi Sihaba alikuwa kwenye foleni ya mtambo mwingine akiongea kwa vidole na bibi mmoja wa Kichina, wote wawili wakicheka. Fedha ya kilo, ambayo Gharib aliipangia kazi nyingine, iliondoka kwa tiketi, teksi, bakuli mbili za tambi za nyama ya ng'ombe na kofia yenye masikio ya simbamarara ambayo Bi Sihaba alisema jumuiya ingependa kumzawadia.

Jumanne mchana Gharib alipeleka mikoba hotelini, mabegi mawili yamefungwa tayari. Bi Sihaba aliyafungua.

"Mama, yamepangwa vizuri hayo."

"Sibebi nisichokifunga kwa mkono wangu."

Alitoa mkoba mmoja mmoja. Alifungua kila zipu, akapapasa kila bitana, akanusa ngozi, akatingisha. Sitini. Kwenye kila mkoba palikuwa na kadi iliyochapwa jina la ofisi ya Abdulwakil na namba ya simu. Gharib alipiga miayo tangu wa kumi.

"Selotepu, ile ya kufungia maboksi, unayo?" aliuliza Bi Sihaba.

"Hapana."

"Kaniletee. Pana."

Gharib alitumia dakika ishirini na tano kuitafuta. Aliporudi mabegi yalikuwa yamefungwa na Bi Sihaba alikuwa akiyapima kwa mizani ndogo ya mkono, ya kwake mwenyewe. La kwanza, ishirini na tatu. La pili, ishirini na tatu.

Jumatano, saa sita na nusu mchana, walisukuma toroli hadi ukumbi wa kuondokea. Gharib alielekea kaunta za ndege ya Addis, ambako foleni ya watu wa nyumbani ilikuwa ndefu na yenye maboksi. Alipogeuka, Bi Sihaba alikuwa kwenye foleni nyingine, fupi, yenye watu wa miwani ya jua. Ubao wa juu uliandikwa Singapore.

"Mama! Huko siko!"

"Ndiko."

"Hiyo ni ya Singapore!"

"Najua kusoma, mwanangu."

"Dar unakwenda lini?"

"Mbona hukuniuliza?"

Gharib alishika begi la juu kwa mikono miwili. Mfanyakazi wa kaunta alishika upande wa pili. Kwa muda mfupi kila mmoja alivuta kwake.

"Shusheni! Mama, mikoba hii haiendi Singapore! Mimi barua yangu... mama, nakuomba, viza yangu ina siku kumi!"

"Viza ya afisa?" aliuliza Bi Sihaba. "Tulia. Soma kibandiko."

Gharib alikisoma. Mwisho wa safari ya mzigo palikuwa Dar es Salaam, kupitia Singapore na Addis, Ijumaa mchana.

"Mzigo unapita. Mimi nakaa Singapore saa kumi na tisa, ndani ya uwanja humo humo. Wana maporomoko ya maji ndani ya jengo, na bustani ya vipepeo. Miaka ishirini na minane nimesimama kwenye mizani ya mizigo uwanja wa Dar, mwanangu. Nimepima mabegi ya watu waliokwenda kote. Sasa nakwenda kuona yalikokwenda."

Gharib aliachia begi. Likaingia kwenye mkanda, la pili likafuata, na yote mawili yakapotea nyuma ya mapazia ya mpira. Ijumaa ilikuwa kabla ya Jumamosi. Alivuta pumzi. Na hapo alimwona Bwana Abdulwakil, mtu ambaye hakuwahi kufika uwanjani kumsindikiza hata mkewe, akija na bahasha ya kaki yenye muhuri mwekundu.

"Laoban! Hukuwa na haja ya kujisumbua, ningeifuata ofisini." Gharib alinyoosha mkono.

Abdulwakil aliupita mkono huo akampa bahasha Bi Sihaba.

"Barua yako, bibie. Kuingia mara nyingi, mwaka mzima. Ubalozi wakiuliza, wewe ni mkaguzi wetu wa sampuli."

"Ahsante, Bwana Abdulwakil. Nitazikagua kweli. Mkoba wa thelathini na nane zipu yake mbovu."

"Laoban," alisema Gharib, mkono bado uko hewani. "Hiyo ni barua yangu."

"Skiza, Gharib. Jana huyu bibie kanipigia simu. Kanambia hana wizara, hajapata kuwa na wizara, na begi lake litafunguliwa kama la kila mtu na ushuru nitalipa. Mie nikataka kulia. Halafu kanambia atanibebea sampuli kila mwezi, kazifunga kwa mkono wake, kazipima kwa mizani yake. Nikamuuliza mshahara. Akasema hataki."

"Hataki?"

"Anataka barua na tiketi. Tena tiketi za bei ya chini kabisa, zile za kusubiri njiani siku nzima. Zile asizozitaka mtu!"

"Mwezi ujao nimechagua ya kupitia Doha," alisema Bi Sihaba. "Halafu Hong Kong, wana bustani ya michezo mlimani. Usininunie, Gharib. Ulikaa nami mbele mara nne. Wenzio wangeniacha."

"Na mimi?" Gharib aliwatazama wote wawili. "Siku kumi, laoban. Nitafanyaje?"

"Hata wewe hatukukusahau. Bibie ndiye aliyeniambia nisikuache ukakaa bila kibali, faini yake kubwa." Abdulwakil alitoa karatasi moja mfukoni, akaikunjua. "Tiketi ya kwenda nyumbani. Jumamosi, saa nane kasorobo. Nimeshalipa mie."

"Umeshalipa wewe?"

"Mie mwenyewe. Ina kilo arobaini na sita."

Kati ya watu wote waliokuwa katika ukumbi huo, hakuna aliyeijua bei ya kilo hizo kuliko Gharib.

"Na nguo zangu?"

"Unaruhusiwa saba za mkononi," alisema Bi Sihaba. "Viatu vizito vivae."

Ijumaa, saa kumi na dakika tano alasiri kwa saa za Dar, Abdulwakil alipokea picha ya mikoba hamsini na tisa imepangwa kwenye rafu Kariakoo, na mmoja umewekwa pembeni, zipu wazi.

Jumamosi Gharib alifika kaunta ya ndege ya Addis na mabegi mawili ya Abdulwakil, yaliyofungwa kwa selotepu pana. Kila moja lilikuwa kilo ishirini na tatu. Begi lake la mkononi lilikuwa kilo nane na nusu. Mfanyakazi alitikisa kichwa akasema meiyou, yaani hakuna, neno ambalo Gharib alikuwa amelisikia sokoni kila siku kwa miaka minne. Alichutama pembeni ya foleni, akatoa makoti mawili ya baridi na suruali ya jinzi, akavivaa juu ya alivyokuwa amevaa. Nje joto lilikuwa nyuzi thelathini na nne. Begi likapimwa tena: kilo sita na gramu mia tisa.

Mlango wa ndege ulifungwa saa nane kasoro dakika ishirini na mbili. Abiria wa kiti cha 41E aliulizwa na mhudumu kama angependa kuvua koti moja. Alijibu kwamba anajisikia vizuri. Saa nane kasoro dakika kumi na tatu ndege ilisukumwa kutoka mlangoni.