Fishi Elfu Tatu za Mama Kavira

Éliakim hakuwa mwizi, tuelewane. Mwizi huvunja mlango. Éliakim alifunguliwa mlango akakaribishwa kwa chai. Asubuhi hiyo, pale Vulamba, alimsikia Mama Kavira, mtunzaji wa maktaba ya parokia, akilalamika: fishi elfu tatu, zile kadi za orodha ya vitabu, amezipiga picha zote, na bado ukiiuliza kompyuta kitabu cha kulima mihogo kiko wapi, inakutazama tu. Masikio ya Éliakim yakasimama.

"Mama, picha ni picha tu, haiwezi kujibu mutu," akasema kwa sauti ya daktari. "Mimi niko na programme, inasoma ata maandiko ya bapadri ba zamani. Mwandishi apa, kichwa apa, mwaka apa. Lakini unipatie ordinateur, ii kompyuta yako, niende nayo Beni siku tatu, juu programme iko kule."

Programu hiyo, Mungu shahidi, haikuwahi kuzaliwa. Kilichokuwa Beni ni mnunuzi wa kompyuta, na nyuma ya mnunuzi, pikipiki nyekundu ambayo Éliakim alikwisha kuipa jina.

"Sawa, mwanangu," akasema Mama Kavira. "Acha karte d'électeur yako apa, ikuwe garantie."

Akaiacha kadi hiyo ya mpiga kura, kitambulisho chake pekee, bila kupepesa macho, akaondoka na kompyuta. Uchu wa pikipiki ulimsahaulisha barrière, kizuizi cha wanajeshi barabarani. Kufika Kalunguta, mwanajeshi akanyoosha mkono. Éliakim akamwaga maneno matamu yote aliyokuwa nayo. Mwanajeshi akayasikiliza mpaka mwisho, maskini, kisha akapiga mwayo.

"Bila karte, zonga. Rudia kwenyu."

Saa kumi alikuwa mbele ya Mama Kavira, kompyuta kwapani, vumbi mpaka kwenye nyusi, aibu imemjaa.

"Mama, programme iliharibika. Unirudishie karte, tafazali."

"Pole sana. Basi tutatumia vidole. Ukimaliza kuandika fishi, karte ni yako."

"Zote elfu tatu? Peke yangu?"

"Nani alisema peke yako?"

Akasukuma mlango wa chumba cha ndani. Wanaume watatu, nadhifu, wenye nyuso za kuaminika kabisa, walikuwa wameinamia kompyuta kuukuu, wakigonga herufi moja moja.

"Uyu ni Mathe, alikuyaka na programme ya Kampala. Eko kwa herufi F. Jacob alileta ya Kinshasa, eko kwa K. Abdias, ya Ulaya. Wewe utaanzia S."

Mathe akasogeza kiti chake kumpisha, bila kuinua macho.

"Karibu, ndugu," akanong'ona. "Usiruke mwaka wa kitabu. Mama anakurudishaka ku mwanzo."