Papa Ametoa Gêne Yake Mbele ya Shirika

Leo baba yangu mzazi ameniumbua. Mchana kweupe, uani kwetu, mtaa wa Panda, mara tu baada ya sala. (Naandika Kiswahili bora, kile cha shule, kwa sababu hasira niliyo nayo inataka sarufi.) Nimejifungia chumbani na sitoki mpaka watu wamalize kucheka. Bado nawasikia.

Sikilizeni kwanza kabla hamjachukua upande.

Papa ana kidonda cha tumbo. Mwezi uliopita alitapika damu, tukakimbia naye hospitalini, daktari akampa dawa: za kuua vijidudu na ya kupunguza asidi. Akamwambia wazi, "Papa, umeze zote, pamoja na chakula, mpaka ziishe. Kidonda ikifunguka tena, inaweza kukuua." Papa akaitikia kwa adabu zote. Wiki haijaisha, akaziacha!

"Tumbo haiume tena," akaniambia. "Dawa ya nini?"

Nimebembeleza. Nimelia. Nimefoka. Bure! Na Mama hayupo, yuko Kambove kwa dada yangu aliyejifungua, kwa hiyo nyumbani tumebaki wawili: mimi napika, yeye ananikatalia dawa. (Hapo kwenye kupika pakumbukeni. Mimi sikupakumbuka.)

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba hayo ndiyo masomo yangu! Nasoma biolojia Lubumbashi. Mémoire yangu, ile kazi ya kumalizia chuo, inahusu jeni zinavyofanya kazi wakati kidonda cha tumbo kinapona. Nimechunguza matumbo ya panya mpaka nawaota usiku. Mnadhani Papa ananisikiliza? Kwake mimi ni mtoto aliyekwenda universite kufuga panya. Kumweleza ni kumpigia mbuzi gitaa.

Anayesikilizwa ni shirika, yaani wale majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Shirika likisema mvua itanyesha, Papa anaanua nguo hata kama jua linawaka. Leo zamu ya sala ilikuwa kwetu. Nikamfuata Mama Véro, kiongozi wao, nikamwomba anipe nafasi wakimaliza, nieleze habari za vidonda. Papa angesikia mbele ya watu, angeona haya, angerudia dawa. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu.

"Hakuna shida, mutoto wangu," Mama Véro akasema. "Bantu mingi humu beko na tumbo." Yaani watu wengi humu wanaumwa tumbo.

Nikavaa koti langu jeupe la maabara. (Ndiyo. Uani. Kati ya kuku na viti vya plastiki. Kiherehere hakina dawa.) Mstari wa mbele alikuwa amekaa Mama Trésor, mama wa mchumba wangu. Familia yao inajiandaa kuja kujitambulisha kwetu. Nikajiambia, acha aone anapata mkwe wa namna gani.

Ameona.

Nilianza vizuri, msinionee! Kwa kuwa hapa kwetu hakuna anayesema "jeni", nilitumia neno la Kifaransa, gène. Nikawapa mfano wa kiwanda, maana Papa amezeekea kiwandani: wafanyakazi wote wako kambini, lakini king'ora kikilia, wanaoingia ni wa zamu ile tu. Ndivyo na mwili. Tumbo likipata kidonda, king'ora kinalia, zinaamka gène za kujenga ngozi mpya, zinaamka za kutengeneza mishipa ya damu, kazi inaanza.

"Maumivu inaweza kuisha na kazi bado inaendelea," nikasema nikimkazia Papa macho. "Ukiacha dawa, asidi inarudi kubomoa. Bandugu, kidonda haiponi kama gène haijajieleza! Gène ikinyamaza, kidonda inabaki!"

Mama mmoja akapangusa jicho. Papa mwenyewe akaegemea mbele kunisikiliza, kwa mara ya kwanza tangu niingie chuo. Nikajiona profesa.

Mama Véro akanyoosha mkono. "Docteur, na kama muntu anaificha, miaka na miaka?"

"Itakula tumbo yote, Mama."

"Yezu wangu! Basi haifai kuificha?"

"Haifai!" (Nilijibu kwa nguvu. Hata meza niliipiga.)

Akasimama Mama Odette, jirani yetu wa ukuta mmoja. Akakohoa. "Minye gêne yangu ni hii. Mama Véro, sufuria yangu iko kwako tangu Pasaka. Kila nikiona moshi yako, tumbo inaniwaka."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kifaransa kina gène, ambayo ni jeni, na kina gêne, lile jambo linalokukera moyoni na unaona haya kulisema. Yanatamkwa sawasawa! Aliyeruhusu upuuzi huo nionyesheni, nina maneno naye. Shirika zima lilikuwa limesikia kwamba kidonda kinapona ukitoa la moyoni.

"Hapana!" nikapiga kelele. "Si gêne! Ni gène!"

Wakanitazama.

"Gène!" nikarudia. "Si gêne!"

"Tumesikia, docteur," Mama Véro akasema kwa upole. "Gêne."

(Nilikuwa narudia neno lile lile, ila kwa sauti kubwa zaidi.)

Papa akasimama. Akavua kofia. Papa akivua kofia, ujue mambo yameharibika.

"Bandugu, kama ni hivyo, na minye nitatoa yangu nipone. Docteur wa hospitali alisema dawa ni kumeza pamoja na chakula. Sasa chakula ya nyumba hii ni ya Nadège."

Nadège ni mimi.

"Bukari yake iko nguvu inje, mbichi ndani. Sombe yake iko na mchanga. Nilivumilia, ni mutoto wangu. Lakini kumeza dawa, halafu kumeza ile? Njo maana niliacha byote bibili."

Bukari ni ugali, sombe ni kisamvu. Ugali wangu! Ndio uliomwachisha dawa mzee aliyetapika damu! Na hakuishia hapo.

"Kila magaribi namwambia nakwenda kusali. Sisali. Nakulaka kwa Mama Véro."

Nikamgeukia Mama Véro. Akainamia rozari yake. Nikawageukia wengine, wakawatazama kuku. Walijua wote! Mimi nilidhani kidonda ndicho kinachomnyima hamu ya kula, nimekonda kwa wasiwasi, kumbe mzee anashiba jirani na watu hawa hawa wananisalimia kila asubuhi kwa meno yote thelathini na mbili!

"Papa!" nikamkabili. "Ungekufa juu ya bukari?"

"Niliogopa kukugêner, mutoto wangu," akasema.

Kuniaibisha aliogopa. Kwa hiyo akangoja watu wajae!

Mama Trésor akauliza polepole, "Na Trésor? Ameisha kuikula hii bukari?"

"Mara moja," Papa akajibu kabla sijafungua mdomo. "Kesho yake alikuwa mugonjwa."

Ndipo uani pakapasuka kwa kicheko. Mama Odette alianguka na kiti chake. Hata kuku walikimbia. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya Panda ni ngumu, imeshachimbwa madini vya kutosha.

Papa akarudisha kofia kichwani. "Sasa tumbo imefunguka. Leta dawa."

Mama Véro akakimbia kwake, akarudi na sahani inayofuka moshi. Papa akala, akameza vidonge vyake mbele ya shirika zima, wakampigia makofi. Wakakubaliana papo hapo kwamba atakula kwa Mama Véro mpaka dawa ziishe. Sitawadanganya, vidonge vilipopita kooni niligeuka ukutani nikajipangusa machozi kwa lile koti. Nilichokitaka nimekipata. Lakini nina hasira! Hakuna hata mmoja aliyeelewa jeni ni nini, na Papa anatangaza mtaa mzima kwamba nimemponya.

Mama Trésor akinyanyuka alinishika mkono. "Samedi kuya kwangu," akasema. "Kuya na mwiko." Yaani Jumamosi naenda kwake kufundishwa kusonga ugali!

Na Trésor naye ameniandikia sasa hivi: "Chérie, na minye nitoe gêne yangu?" Sijamjibu. Tumbo langu mimi ndilo linaloungua sasa.

Naomba asicheke mtu. Atakayecheka nitamwalika chakula, na Mama bado yuko Kambove.