Kuku Sita wa Mama Mkwe na Mmoja wa Akiba

Jumanne, 4 Juni

Mama mkwe ameondoka leo saa mbili asubuhi. Anakwenda kumtazama mdogo wa mke wangu, aliyejifungua. Atarudi Jumapili ya wiki ijayo. Kabla ya kupanda gari alinishika mkono mbele ya shemeji, kaka yake mke wangu. Akasema kuku wake ni sita, majike watano na jogoo, na anataka awakute sita, wazima. Nikiwatunza vizuri, chumba cha mbele ni changu. Nikiharibu, ni cha shemeji.

Chumba cha mbele! Dirisha linatazama barabarani. Mlango una kufuli. Miaka minne natengeneza saa barazani, upepo ukivuma natambaa kutafuta skrubu kwenye majani. Shemeji ni kinyozi wa chini ya mwembe, naye anakitaka. Ameshapima ukuta wa kutundika kioo, nimemwona kwa macho yangu.

Kuku sita, siku kumi na mbili. Mtu mzima mwenye akili zake anashindwaje?

Jumatano, 5 Juni

Ole wangu. Malkia anaumwa.

Malkia ndiye kipenzi cha mama mkwe. Kahawia, kilemba cha kichwani kimelalia kushoto. Wenzake wametoka bandani, yeye kabaki kiotani. Nimemwita. Nimemwonyesha mahindi. Hata hakugeuka. Nimempelekea mkono, akajivimbisha manyoya mpaka akawa kuku wawili, akaningurumia. Kuku kunguruma! Halafu akanidonoa kwenye kidole ninachoshikia koleo.

Nimemwondolea mayai yote tisa aliyokuwa ameyakalia, yasimchoshe. Amenitazama vibaya sana.

Alhamisi, 6 Juni

Hali chakula. Hanywi, au anakunywa nikiwa sipo. Kiota kitupu lakini amekikalia vilevile, macho yameganda kama ya mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nimempima kwa kiganja chini ya kifua: moto. Tena kifua kiko wazi, manyoya anajinyofoa mwenyewe. Leo ametoka mara moja tu, akaacha kinyesi kimoja kikubwa ambacho sikukitegemea kwa kiumbe wa kimo chake. Kinanuka, jamani.

Nimeuliza watu, kwa siri. Muuza nafaka akasema mdondo, bila hata kuniacha nimalize. Akasema mdondo ukiingia unafagia banda zima. Muuza nyama hakutaka kujua dalili, aliuliza ana kilo ngapi.

Mke wangu alitaka kusema kitu, huku anacheka. Nikamwambia huu si wakati wa kucheka, mama yake atapoteza kuku na mimi nitapoteza dirisha. Akarudi jikoni akicheka. Ana moyo wa jiwe yule mwanamke, wakati mwingine.

Ijumaa, 7 Juni

Nina kijitabu cha ufugaji, alikisahau mteja. Kinasema mgonjwa atengwe. Basi nimemtenga Malkia ndani ya chumba cha mbele, nikafunga kufuli. Humo nilikuwa nimeshaanza kuweka vitu vyangu kidogo kidogo, ili chumba kinizoee. Kulikuwa na boksi lenye vitambaa na saa tatu za mezani za wateja.

Nimerudi baada ya saa moja nikamkuta juu ya saa. Zote tatu ziko chini yake. Anazisogeza kwa mdomo, anazipanga, anajishusha polepole. Nikijaribu kuzitoa ananguruma. Homa imempanda kichwani, maskini. Nimempondea kitunguu saumu kwenye maji, akamwaga. Nilitaka kumpa nusu ya kidonge changu cha kichwa, mke wangu akakikwapua mkononi.

Jioni shemeji amekuja kuhesabu kuku. Eti amepita tu. Akahesabu watano, akauliza wa sita yuko wapi. Nikasema anataga. Akasema atarudi kesho, labda atakuwa amemaliza. Akaondoka akipiga mluzi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepata wazo! Lilinijia wakati namwekea mteja betri. Saa ikikufia mkononi, unakuwa na nyingine ya mfano wake kwenye droo. Kwa nini isiwe hivyo kwa kuku?

Nimezunguka soko zima na kikapu. Kwenye kona ya mwisho, nje ya safu ya wauzaji wote, nikamkuta. Kahawia. Kilemba kushoto! Nilitaka kumkumbatia mbele za watu. Muuzaji alikuwa na haraka sana, hata bei hakubishana, na mimi nikajiona mjanja. Kuku akapiga chafya. Nikauliza kulikoni. Akasema vumbi tu.

Nimempa jina la Spea. Nimemwachia bandani na wenzake moja kwa moja, ale nao, anywe nao, wazoeane kabla mama mkwe hajarudi. Malkia akipona, nitakuwa na kuku wa ziada wa kumpa mama kama zawadi. Akifa, Mungu apishe mbali, Spea yupo. Akiba haiozi.

Shemeji akaja. Akahesabu sita. Akahesabu tena. Akaondoka bila mluzi. Leo nimekula vizuri.

Jumatatu, 10 Juni

Spea jicho moja limevimba, limefumba. Puani kamasi. Akipiga chafya, jike jeupe linaitikia.

Labda ni vumbi.

Saa tisa alasiri: majike watatu wa mama wanapiga chafya. Kwenye chombo cha maji kuna utelezi. Jogoo amepanda ukutani kuwika, ikatoka sauti ya mlango mkavu. Akanitazama kama mimi ndiye niliyemwibia sauti. Nimekaa chini palepale bandani. Nilikuwa na mgonjwa mmoja. Sasa nina sita, ukiondoa jike moja jeusi ambalo bado linajikaza. Ukimhesabu na Malkia.

Jumanne, 11 Juni

Maji yamezidi unga. Nimemwita daktari wa mifugo.

Amekuja msichana mwenye buti za mpira na begi. Kabla ya kuingia bandani akaosha buti, na kabla ya kutoka akaziosha tena. Akamshika kila kuku, akamtazama macho, akamnusa mdomo, akambonyeza uso. Akasema si mdondo. Mdondo hautibiki, dawa yake ni chanjo tu mapema, na kama ungekuwa mdondo ningekuwa sasa naokota mizoga. Haya ni mafua ya kuku. Akauliza nani kaanza. Nikamwonyesha Spea. Akauliza kaletwa lini. Nikajitia kukohoa.

Basi akanieleza, taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Kuku mgeni akae peke yake wiki mbili, mbali na wenzake, na chombo chake cha maji, ndipo achanganywe. Nimeandika kwa herufi kubwa ukutani: WIKI MBILI. Wagonjwa watengwe. Dawa kwenye maji siku tano, hata wakionekana wamepona siku ya pili nisiache. Mayai yasiliwe mpaka atakaponiambia. Vyombo vioshwe kila siku. Banda lipitishe hewa.

Nikamwambia huo ndio mzigo mdogo, mzigo mkubwa uko ndani. Nikafungua kufuli. Nikamsomea dalili zote kutoka kwenye daftari: hali chakula, moto, mngurumo, kifua wazi, kinyesi kimoja. Nikamwambia aniambie ukweli, mimi ni mwanamume nitavumilia.

Akamtazama Malkia. Akazitazama saa. Akageuka upande wa ukuta, mabega yakawa yanamtikisika.

"Kaka," akasema, "huyu ndiye mzima kuliko wote. Anaatamia. Anataka vifaranga, wewe umempa saa."

Mke wangu alikuwa mlangoni. Akasema hilo ndilo alilotaka kuniambia tangu Alhamisi.

Alhamisi, 13 Juni

Naosha macho ya kuku kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, asubuhi, mchana na jioni. Kuku watano, macho kumi. Saa za wateja zinasubiri. Ninaogopa, nasema kweli. Naogopa kufungua banda asubuhi. Kila siku nasimama nje kwanza, nasikiliza, nahesabu chafya. Jana ishirini na sita. Leo kumi na nne. Jogoo nimemlaza kwenye koti langu, na nikimsafisha pua anafumba macho kama mtoto. Sikujua nitampenda jogoo.

Shemeji kagundua. Alichungulia na dirisha la chumba cha mbele, akahesabu saba. Akasema hana budi kumpigia mama simu. Nikamwomba kwa jina la undugu, nikamtengenezea saa yake ya mkononi bure, nikambadilishia na kioo. Akaivaa, akaisifu, akatoka nje, akampigia mama simu.

Jumapili, 16 Juni

Mama mkwe amerudi.

Hakuingia ndani kwanza. Mkoba bado begani, amekwenda bandani. Nilisimama nyuma yake nikihesabu mapigo ya moyo wangu, mia na kumi. Asubuhi ile sikusikia chafya hata moja. Jogoo akapanda ukutani, akavuta pumzi, akawika. Akawika sawasawa! Machozi yalinitoka nikasema ni moshi. Hapakuwa na moto wowote.

Mama akahesabu, na mimi nikahesabu naye. Wazima sita bandani, na Spea peke yake chini ya tenga, jicho wazi. Wa sita ni nani, wakati Malkia yuko ndani? Hapo akili yangu ikagoma. Nilikuwa nimeihesabu ndoo nyeusi. Watano bandani, Spea, na Malkia. Saba.

"Mwanangu," akasema, "ungeniambia siku ya kwanza, ningekujibu kwa neno moja. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Nikasema ndiyo Mama. Shemeji akatikisa kichwa kwa huzuni, na saa niliyomtengenezea ikimetameta mkononi mwake.

Halafu mama akaomba ufunguo wa chumba cha mbele. Nikafungua. Shemeji akaingia na kamba yake ya kupimia. Malkia akanguruma, shemeji akatoka. Mama akachuchumaa, akapitisha mkono chini ya Malkia bila kudonolewa hata mara moja, akatoa saa moja, mbili, tatu, akanikabidhi. Zilikuwa na joto. Ya tatu, ambayo ilikuwa imekataa kutembea tangu Aprili, inatembea.

Mama akaagiza mayai kumi kwa rafiki yake, mwenye jogoo na kuku wasioumwa. Akayapanga chini ya Malkia. Akasema chumba kina mwenyewe sasa, asisumbuliwe siku ishirini na moja, na baada ya hapo kuna kulea. Mimi baraza, shemeji mwembe wake wa kunyolea watu. Sikupata chumba. Lakini na yeye hakupata, na hilo limenisaidia kumeza chakula.

Ijumaa, 12 Julai

Vifaranga wanane tangu Jumapili. Wanapita chini ya dirisha langu kana kwamba walilipa kodi.

Habari kubwa: mama mkwe amekwenda tena kwa mjukuu, siku kumi. Amesema vifaranga wakihamia bandani, chumba kitarudi kwenye mazungumzo. Kuku amemwachia shemeji. Shemeji! Mimi ameniachia paka wake. Jike, mweupe, doa jeusi kwenye sikio. Amesema paka hahitaji kazi, hata mimi nitaweza.

Lakini paka haonekani sawa. Tangu asubuhi amejificha ndani ya droo ya mashati yangu, anayachakura, anazunguka, analala, anaamka. Amekataa samaki. Tumbo limemvimba vibaya, ukiligusa kuna vitu vinatembea. Minyoo, bila shaka, na wakubwa. Nikimkaribia ananguruma.

Mke wangu alitaka kusema kitu. Nikamwambia huu si wakati.

Sirudii makosa. Safari hii sikusubiri siku tatu, nimechukua kikapu saa ileile. Kwa muuza samaki kuna paka mweupe, doa jeusi, sikio lilelile! Nimemleta, nimemweka chumba kimoja na mwenzake wazoeane. Daktari alisema wiki mbili kwa kuku. Paka hakumtaja.

Anapiga chafya kidogo. Vumbi tu.