Silaha ya Kubebeshea Mikorosho

"Mmesikia ya leo?" Redio alianza kabla hata hajazima pikipiki. "Kuna mtu kakamatwa na silaha mjini. Getini kabisa! Angeingia nayo ndani, sasa hivi tungekuwa tunachimba makaburi."

Redio ni Rajabu, dereva wa bodaboda wa hapa Rahaleo. Tulimpa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Mimi nauza kahawa na kashata barazani kwangu, na kila alasiri benchi langu linapata wazee wake.

"Silaha gani?" Katibu akauliza. Huyu ni Gaudensi, mtu wa Songea, aliyekuwa karani wa serikali mpaka akastaafu, ingawa bado huitwa vikaoni. Shati huchomekea hata akija kunywa kahawa ya kikombe kimoja.

"Kisu."

"Basi sheria imefanya kazi yake."

"Kisu cha kukunja, Katibu."

"Hata kama. Simba akijikunja hawi paka."

"Haya, mhalifu mwenyewe huyu hapa nyuma yangu. Muulize kama anang'ata."

Ndipo nikamwona Idrisa anashuka taratibu, miche sita ya mikorosho iko ndani ya boksi kifuani, na kitambaa kibichi kimeviringishwa mkononi kama anabeba kitoto. Idrisa ni wa Mahurunga. Tunamwita Daktari, maana hukata kikonyo, yaani kitawi kichanga, cha mkorosho mzuri, akakipandikiza juu ya mche usio na lolote, na vyote viwili vikaishi. Huko ndiko kubebesha. Wapo madaktari wa kusomea wasioweza hivyo.

Nilimsogezea kigoda. Redio akavua koti lake akalitandaza juu ya boksi ili jua lisiipige miche. Alifanya huku anamtukana Daktari, lakini alifanya.

"Eleza mwenyewe, gaidi," Redio akasema.

"Watu wa ofisi ya kilimo waliniita semina," Daktari akasema. "Barua ninayo. Imeandikwa nije niwafundishe wakulima kubebesha mikorosho kwa vitendo. Nimefika getini, mlinzi kanipapasa, katoa kisu. Kaniambia vitu vyenye ncha kali haviruhusiwi."

"Sawasawa," Katibu akasema.

"Sawasawa nini? Nibebeshe kwa meno?"

"Ukafundishaje sasa?" nikamuuliza.

"Walinipa kalamu, Bibi. Kalamu ndiyo ikawa kisu, na rula ikawa mkorosho. Nikawa nakata rula kwa kalamu, nakata, nakata, na wakulima wazima wananiangalia. Nilipomaliza wakapiga makofi."

"Na rula ikashika?" Redio akauliza.

"Imeshika. Mwakani inazaa."

Tulicheka mpaka kashata zikaanguka. Katibu peke yake hakucheka. Aliweka kikombe chini kama anayefungua kikao.

"Tuseme ukweli. Zama za kutembea na kisu zimepita. Mtu mstaarabu anabeba kalamu, kitambulisho na leso. Kisu cha nini mjini?"

"Kumenya chungwa."

"Yanauzwa yamemenywa."

"Kukata kamba ya gunia. Kutoa mwiba. Kuchonga kijiti cha meno. Kukata kiazi cha ming'oko uone kama kimeiva."

"Hayo yote ni mambo ya shamba."

"Na korosho unazotafuna kwenye vikao vyako zinalimwa ofisini?"

Redio akatoa simu yake akaibusu. "Mimi bwana nina hii. Ina tochi, ina ramani, inaniambia hadi hali ya hewa ya Ulaya. Lakini juzi nilinunua muwa pale Magomeni, nikabaki nao mkononi kama bakora ya shehe. Simu ya laki nne, imeshindwa na muwa wa mia tano!"

"Nenda dukani, kanunue kisu kingine," Katibu akamwambia Daktari. "Vimejaa."

"Nilishanunua kimoja. Siku ya kwanza kilikuwa kisu. Siku ya pili kikawa kijiko." Daktari akashusha sauti. "Kile nilipewa na mjomba wangu nilipotoka jandoni. Bapa alilifua mhunzi kutoka kwenye kipande cha msumeno, mpini wa mpingo kauchonga mjomba mwenyewe. Kwetu mjomba ndiye anayekukabidhi kisu, na hukupa kimefungwa. Maana yake ujue kukifunga kabla hujajua kukifungua."

Kisha akafungua kile kitambaa kibichi. Ndani mlikuwa na vikonyo sita, vifupi kama kalamu za shule, na macho yake yamevimba tayari kuchipua. Vitatu vilikuwa vimeanza kusinyaa ncha.

"Hivi ni vya mkorosho wa mama," akasema. "Upepo wa wiki iliyopita umeung'oa na mizizi. Hivi ndivyo vilivyobaki vibichi. Nimevikata jana alfajiri. Visipobebeshwa leo, ule mti umekwisha duniani."

"Tumia wembe," Redio akasema, na safari hii hakuwa anatania.

"Mwaka jana nilitumia wembe. Wembe unajipinda, na kidonda hakikai sawa. Miche kumi na miwili ilikauka."

Nilimletea kisu changu cha jikoni. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama, akanirudishia. "Ahsante, Bibi. Hiki kitaua. Ni kinene mno."

Hapo ndipo akatokea Emmanueli. Ni yule yule mlinzi wa getini, mtu wa makamo kutoka Singida, hupita kwangu kila akitoka zamu. Alitukuta tumenyamaza, akajua tunamsema.

"Shikamooni. Mzee, nisamehe. Ile ni kazi."

"Marahaba. Na maji uliyoimwagia miche yangu kule getini, nayo ni kazi?" Daktari akamuuliza.

"Ile ilikuwa kiu yao tu."

Nikammiminia kahawa bila kumuuliza.

"Kisu kiko wapi?" Redio akamrukia.

"Niliandika kwenye daftari: silaha moja, mpini mweusi. Bosi akasema silaha kama ile ni hatari kukaa getini, iletwe kwake. Saa tisa nimekwenda kuiomba, nimemkuta anamenyea machungwa. Ofisi nzima imepanga foleni, kila mtu na chungwa lake. Maboksi ya vyeti vya semina yamefunguliwa kwa hicho hicho. Wanasema hawajawahi kuona kisu kizuri hivyo."

"Na lini kitarudi?"

"Jumatatu. Aje na barua ya mwenyekiti wa mtaa inayoeleza matumizi ya silaha."

"Matumizi si anayajua? Anayo mkononi, mdomo unachuruzika!"

"Jumatatu," Daktari akasema, anavifunika vikonyo vyake polepole, "nitaleta barua ya msiba."

Katibu akakohoa. Akamtazama Emmanueli, akatazama kile kitambaa, akakohoa tena. Kisha akainama kama anayefunga kiatu, akaishusha soksi yake, akachomoa kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe, umechakaa kwa kushikwa.

Redio alisimama wima. "Lahaula! Serikali ina silaha soksini!"

"Nilipewa Newala, mwaka nilioanza kazi," Katibu akasema, uso umemwiva. "Na mzee mmoja wa Kimakua, cha kuchongea penseli."

"Penseli ziliisha lini, Katibu?"

"Nyamaza, Rajabu."

"Na mtu mstaarabu anabeba nini vile? Kalamu, kitambulisho na...?"

Katibu alimkabidhi Daktari kile kisu kimefungwa, kama mjomba. Niliona hilo, na Daktari aliliona.

Daktari akakifungua, akajaribu makali kwenye nywele za mkono. "Kweli hiki kilichonga penseli," akasema. Mimi nikamwaga kahawa iliyobaki kikombeni, nikampa kikombe kimepinduliwa. Akanoa kwenye ile duara ya kitako, shwa, shwa, mpaka nywele zikaanza kudondoka. Kisha akakaa chini. Alikata kichwa cha mche, akaupasua, akachonga kikonyo kama kabari, akakichomeka. Emmanueli aliushikilia mche kwa mikono miwili, na Redio, kimya kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akazungushia utepe wa nailoni.

Magharibi ilipoadhiniwa, miche yote sita ilikuwa imefungwa.

Emmanueli alifuta mikono, akamgeukia Katibu kwa sauti yake ya getini. "Katibu, Jumatatu una kikao pale kwetu, siyo?"

"Ninacho."

"Nitakukagua."

"Nikague. Ni kazi yako."

"Kuanzia magotini kwenda juu. Chini ya hapo ni kazi ya bosi, na bosi hawezi kuinama, ana chungwa mkononi."